Anti, kwenye miting wanaongea walewale watatu

Wiki hii najibu barua tatu kwa mpigo maana zote zinazunguka jambo moja, watu wanaokaa kimya kwenye vikao vya kazi. Moja imetoka kwa kiongozi wa timu, ya pili kwa mkimya mwenyewe, ya tatu kwa mtu anayeongea sana, na nilivyozisoma moja baada ya nyingine nikaona kama vile hawa watu wamekaa meza moja ila hawajawahi kuambiana. Majina nimeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Shikamoo Anti. Naongoza timu ya watu 9, tunakutana kila Jumatatu asubuhi. Kila wiki wanaongea watu watatu tu, walewale, wengine wanaandikaandika kwenye madaftari na kutikisa kichwa basi. Kinachoniuma ni dada mmoja, ripoti zake ni moto, anaona makosa ambayo sisi wote tumeyapita, lakini kwenye miting hatoi neno. Mwezi uliopita nikaona nimsaidie, katikati ya kikao nikamgeukia ghafla nikamuuliza "na wewe unaonaje?", akababaika, akasema hana la kuongeza, na tangu siku hiyo anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Halafu kikao kikiisha ananifuata kwenye korido ananiambia ule mpango una tatizo hapa na hapa, na anakuwa sahihi, ila tunakuwa tushapitisha. Kuna wanaonishauri nimpeleke kozi ya kujiamini. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo kozi iache kwanza. Mtu anayeweza kukufuata kwenye korido akakwambia bosi mpango wako una kasoro, mpango ambao wewe mwenyewe umeupitisha dakika 10 zilizopita, huyo hana shida ya kujiamini hata kidogo. Maneno anayo na ujasiri anao, anachokosa ni pa kuingilia, na kumtengenezea pa kuingilia ni kazi yako wewe unayeendesha kikao.

Ngoja nikueleze kinachotokea pale mezani. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliolinganisha mazungumzo ya kawaida kwenye lugha 10 za sehemu tofauti za dunia, Kijapani kimo, Kidenmaki kimo, wakapima mtu akiulizwa swali unapita muda gani kabla mwenzake hajajibu, na kwa wastani ikawa kama sekunde 0.2. Hiyo ni kufumba na kufumbua. Yaani anayejibu hapo hakusubiri mwenzie amalize ndo aanze kufikiri, alishaandaa sentensi yake huku mwenzie bado anaongea. Sasa kuna watu hawafanyi hivyo, wao wanasikiliza mpaka neno la mwisho, ndo wanalipima, ndo wanatafuta namna ya kusema, na wakija kufungua mdomo mazungumzo yashahamia mada nyingine na hamna hata aliyejua kwamba pale kulikuwa na mtu anataka kusema. Wale watatu wako si kwamba wana akili kuliko wengine, na wala si wabaya, wanadaka haraka tu, na kikao chako kimejengwa kwa ajili ya wanaodaka haraka.

Ndo maana kumgeukia ghafla hakukusaidia. Wewe ulidhani unampa nafasi, yeye alipokea mtihani mbele ya watu, tena bila kuambiwa kama kuna mtihani. Nakwambia hivi kwa sababu hata mimi nilishafanya kosa hilohilo, nilikuwa na kijana mmoja tunafanya naye kazi, mpole, kila nikimwita ghafla kwenye kikao anajibu "sawa tu mama", nikaanza kuamini kweli hana mawazo. Siku moja tuko wawili tu akaniambia, mama ukinipa swali leo nikalala nalo, kesho nitakujibu mpaka uchoke. Niliona aibu, maana miezi yote hiyo mtu alikuwa na majibu na mimi ndo nilikuwa namfungia.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu ijayo mwite pembeni umwombe samahani kwa kumshtukiza, usizungukezunguke, afu muulize yeye angependa aingie vipi. Anaweza kukwambia niarifu siku moja kabla kwamba utanipa nafasi kwenye kipengele fulani, anaweza kusema nikikuangalia nikainua kalamu ujue nina neno, anaweza hata kusema nitakuandikia usome wewe. Yoyote atakayosema, ifuate. Na ile hotuba ya "jamani hapa kila mtu ajisikie huru" naomba uiache kabisa, sijawahi kuona mtu kafunguka mdomo kwa sababu ya hotuba hiyo.

Na hao wengine watano usidhani wako sawa wote. Kuna ambaye alishawahi kuchekwa kwenye kikao miaka mitatu nyuma na bado anakumbuka aliyemcheka alivaa nini, kuna mgeni ambaye hajajua bado nani anaruhusiwa kusema nini, kuna ambaye lugha mnayotumia hapo kazini si lugha anayoifikiria kwa haraka, na kuna ambaye kweli kabisa hana la kusema kwenye ajenda hiyo na pengine hakupaswa kuitwa. Waulize mmoja mmoja, dakika chache zinatosha.

Halafu jifunze kusubiri. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alikuwa anachunguza madarasa ya sayansi, na mwaka 1974 akaandika kwamba mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde 1 tu kabla hajaongea tena mwenyewe. Walimu waliofundishwa kuvumilia mpaka sekunde 3 na zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na wale waliokuwa hawajibu kabisa wakaanza kujibu. Sekunde 3 ukiwa umesimama mbele ya watu ni ndefu mno, utahisi joto, utatamani kujaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka 7. Na usilirudie swali kwa maneno mengine katikati, ukilirudia wale waliokuwa wanakaribia kupata jibu unawaanzisha upya.

Ajenda itume siku moja kabla na iandike kwa maswali. Ukiandika "Ratiba ya mwezi ujao" hujampa mtu kitu cha kufikiria, ukiandika "Tukiambiwa tumalize wiki mbili mapema, tuache kazi gani?" mtu atalala nalo.

Sasa hapa ndo penye uzito wenyewe, nakuomba ujaribu hata mara moja. Mkifika kwenye swali kubwa la siku usiseme "haya, maoni". Sema tuna dakika 5, kila mtu aandike kwenye karatasi yake kimyakimya, na wewe uandike pia. Mwanzoni wataona ajabu, wataangaliana, wale watatu watataka kuanza kuongea, waambie bado. Dakika zikiisha mnazunguka meza, kila mtu anasoma pointi moja tu kati ya alizoandika, anafuata mwingine, mnazunguka tena na tena mpaka zinaisha, na anayeandika ubaoni anaziandika zote kama zilivyo bila mtu yeyote kusema hiyo nzuri au hiyo haiwezekani. Mjadala unakuja zikishakuwa zote ubaoni. Zamu ikimfika mtu na hana la kusoma anasema "napita", na haulizwi kwa nini, hiyo ni muhimu sana, maana mtu akijua anaruhusiwa kupita hofu inashuka na mzunguko unaofuata anasoma mwenyewe. Kama swali lenyewe ni la moto, mathalani nini kinakwamisha timu, basi kusanyeni karatasi bila majina, zichanganyeni, kila mtu asome ya mwenzie.

Utaratibu huu si wangu, watafiti Delbecq na Van de Ven waliuandika mwaka 1971, na sababu yake inaeleweka vizuri. Mwaka 1987 wenzao wawili, Diehl na Stroebe, walionyesha kwamba watu wakikaa kundi moja wakatoa mawazo kwa kupokezana kuongea wanatoa mawazo machache kuliko idadi ileile ya watu wakifikiri kila mtu peke yake halafu mkajumlisha, na kinachoua mawazo zaidi ni kule kusubiri zamu. Ukiwa unasubiri unasahau, au unaona limeshapitwa, au unajiambia si la maana sana. Kwa hiyo hata hao waongeaji wako karatasi itawasaidia, waambie hivyo ili wasione kama wanaadhibiwa.

Na wewe useme mwisho. Bosi akisema "mimi naona tufanye hivi, nyie mnaonaje?" swali lishakufa hapohapo. Kwenye mahakama za kijeshi za Uingereza ipo desturi ya zamani kwamba wakati wa kupiga kura anaanza mwenye cheo kidogo, mkubwa anamalizia, kwa sababu mdogo akishasikia ya mkubwa hawezi tena kusema yake. Mtu akikatizwa, sema "subiri kidogo, hajamaliza", kila mara, hata anayekatiza akiwa rafiki yako. Wakiona unalisema mara mbili tatu, baadaye wataanza kulisema wenyewe.

Kuhusu korido, usiifunge hiyo njia. Badala yake acha kupitisha maamuzi makubwa Jumatatu ileile, sema tunaelekea huku ila napokea mawazo mpaka kesho saa 6 mchana, afu kesho yake andikia timu nzima nini kimebadilika na nani kakiona, baada ya kumwomba ruhusa ya kumtaja. Dada wa watu amekuwa akiokoa mipango yako bila mtu kujua.

SWALI: Anti shikamoo, mi ndo yule mkimya. Nina miaka 26, kazi naipenda na naiweza, ila kikao kikianza moyo unadunda mpaka nahisi wa pembeni anausikia. Naandaa sentensi kichwani, nairekebisha, nairekebisha tena, ikishakaa vizuri wao washahama. Wiki iliyopita nilijikaza nikasema, hamna aliyeitikia, kimya, wakaendelea. Kama dakika 10 baadaye mwenzangu akasema kitu kilekile kwa sauti kubwa, wote "aah safi sana". Nilienda kukaa chooni nikalia. Je mimi sifai hii kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hilo la wiki iliyopita linauma na una haki ya kulia. Unaifaa kazi. Kwanza liangalie vizuri lililotokea, wazo lako lilisifiwa na meza nzima, maana yake lilikuwa zuri, kilichopotea njiani ni jina lako tu. Hilo linaweza kurekebishwa.

Hiyo sentensi usiirekebishe tena. Waongeaji hawaji na sentensi zilizonyooka, wanaingia na maneno ya kushika nafasi halafu wanafikiri humohumo ndani. Na wewe tafuta maneno yako ya kuingilia, mafupi, yaleyale kila siku mpaka ulimi uyazoee, kama "nina jambo moja hapa". Ukishayasema nyamaza, vuta pumzi, wote wameshakugeukia na sasa nafasi ni yako, unaweza kusema taratibu unavyotaka. Na wakiwa washahama mada, rudi nyuma bila woga, "naomba turudi kidogo kwenye lile la tarehe, kuna kitu sijakisema". Hamna sheria inayosema mada ikipita imezikwa, na mara nyingi utakuta wengine nao walikuwa hawajaridhika.

Jambo lingine, sema kitu mapema, ndani ya dakika chache za mwanzo, hata kidogo kabisa, uliza tu tunamaliza saa ngapi au hii karatasi ya pili ndo ya mwezi huu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 2008, inataka kabla mgonjwa hajapasuliwa kila mtu mle chumbani ajitambulishe jina na kazi yake, kuanzia daktari bingwa mpaka muuguzi, na faida mojawapo ni kwamba mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja mle ndani anakuwa mwepesi kusema tena akiona kitu kinaenda vibaya. Ukikaa dakika 40 bila kutoa sauti, neno la kwanza linakuwa zito kama jiwe.

Halafu usiende peke yako. Mwanasaikolojia Solomon Asch kwenye miaka ya 1950 alifanya majaribio ya kuwaonyesha watu mistari waseme upi unalingana na upi, jibu liko wazi kabisa, ila mtu mmoja anawekwa katikati ya kundi lililopangwa lijibu kwa makosa makusudi, na wengi mara moja au mara kadhaa walifuata kundi wakaacha macho yao wenyewe. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu wa kuunga mkono jibu sahihi, kule kufuata kundi kulishuka sana. Mtu mmoja tu mwanangu. Kwa hiyo tafuta huyo mmoja kazini kwako, mwambie kabla ya kikao leo nataka kusema jambo fulani, nikisema naomba uitikie, hata kwa swali. Siku ile ulipopokelewa na kimya, ungekuwa na mtu wa kusema "ebu fafanua hapo" pangekuwa na hadithi nyingine. Na mtu akija kulirudia wazo lako, huyo mwenzio au wewe mwenyewe mseme kwa upole, "ndiyo, ndo lile nililosema mwanzo, na nilikuwa nataka kuongeza kwamba", unaendelea palepale, bila kulaumu, bila kusubiri.

Kikao kikiwa cha mtandaoni tumia chati, andika pointi yako humo wakati mwingine anaongea, na mwombe anayeendesha awe anaisoma kwa sauti. Na kama umeshindwa kabisa kusema siku hiyo, andika meseji kwa timu siku hiyohiyo, mistari mitatu minne, wakati bado wanakumbuka. Hiyo nayo ni kuchangia, usiruhusu mtu akwambie haihesabiki. Moyo kudunda hautaacha wiki hii wala mwezi huu, ongea nao ukidunda hivyohivyo.

SWALI: Habari za siku dada yangu. Mimi ni mtu mzima kama wewe, nina miaka mingi kazini. Juzi kijana mmoja aliniambia kwa heshima kabisa kwamba kwenye miting nikianza kuongea wengine wanazima. Iliniuma, sikulala. Kusema kweli naongea kwa sababu nikiona kimya naogopa kikao kimekufa, sina nia ya kumkandamiza mtu. Nifanye nini, ninyamaze tu?

JIBU: Nzuri dada yangu, na huyo kijana mshukuru, maana kukwambia wewe mkubwa wake neno kama hilo kumemgharimu, na kama amethubutu basi kuna kitu kwako anakiamini. Usinyamaze. Ukinuna watadhani umekasirika na watazidi kuogopa. Wewe badilisha kazi ya mdomo wako. Nafasi yako ya kwanza kwenye kila mada itumie kuuliza, na swali lipeleke kwa mtu ambaye ulishamwarifu, "fulani, jana uliniambia kuhusu ile ripoti, waeleze na wenzetu". Yako yaandike pembeni, utakuta nusu yake wengine wameyasema kabla hujafika.

Na kile kimya unachokiogopa, dada, mara nyingi ndo watu wanafikiri.

Lipo jambo moja ambalo watu kama mimi na wewe inabidi tulichunge zaidi. Wanaoongea kidogo wakiona hatari hawaisemi kama hatari, wanaisema kama swali, kwa sauti ndogo. Tarehe 27 Machi 1977 kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ukungu umetanda, rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi, mmoja wa marubani wazoefu wa shirika lake, alianza kukimbiza ndege aruke. Nyuma yake mhandisi wa ndege akauliza kama ndege ya Marekani iliyokuwa kwenye njia ileile ya kurukia haijatoka. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, na hakuuliza tena. Ndege mbili ziligongana sekunde chache baadaye na watu 583 wakafa. Miaka michache tu baada ya hapo, kufuatia na ajali nyingine ya mwaka 1978 kule Portland, Marekani, ambapo wadogo waliona mafuta yanaisha na onyo lao halikushika, mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani kazi ya pamoja, mdogo afundishwe kusema waziwazi na mkubwa afundishwe kusimama asikilize.

Kazini kwenu labda hamna roho za watu mikononi, lakini utaratibu ni uleule. Mtu mkimya akikuuliza "hivi hii tarehe tuna uhakika nayo?" usimjibu "ndiyo tuna uhakika" ukaendelea. Simama, muulize "umeona nini?", afu funga mdomo mpaka amalize, hata akiweka kituo cha katikati kirefu usimsaidie neno. Anza na huyohuyo kijana aliyekuambia ukweli, na akimaliza kusema mwandike jina lake kwenye kumbukumbu za kikao.